Kobe na Mtamba wa Basilisa

Hadithi hii haina mwisho, nawaambia mapema ili asije mtu akanilaumu. Mwisho mtautia ninyi. Basi tegeni sikio.

Huko Karatu palikuwa na mjane aliyeitwa Paskalina. Nyonga yake ilikuwa mbovu, hawezi kiti cha basi, hawezi kulala chini. Alikuwa na watoto watatu, na marehemu baba yao, aliyekuwa dereva wa watalii, aliwaachia gari la ajabu: pikapu yenye nyumba mgongoni. Likitembea, paa limelala. Likisimama, unalisukuma paa juu, kuta za turubai zinanyooka, na ndani kuna jiko, na kitanda ambacho mtu hulalia hata gari likitembea. Majirani waliliita Kobe.

Kila mtoto alikuwa na kipaji chake. Tluway, mkubwa, alikuwa makanika. Chuma kikilia, anajua kinaumwa wapi. Fabiola, wa kati, alishona maturubai, na mshono wake haukupitisha tone. Gwandu, kitinda mimba, alijua njia; palipo na tope chini ya vumbi, alipatambua kwa kupatazama tu.

Dada mkubwa wa Paskalina, Basilisa, aliishi ng'ambo ya Ziwa Eyasi, mahali pasipofika basi. Hawakuwa wameonana tangu msiba wa mama yao. Mwaka ule akatuma salamu kwamba anaumwa, anataka kumwona mdogo wake, na mtoto atakayemleta amemwekea mtamba mweupe, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Paskalina akafunga kibegi chake siku ileile, akasema twendeni.

Tluway akasema bado. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka kubeba nyumba ile, na zikikatika kwenye mawe, mama atabaki porini. Alisema kweli. Akazifungua, akaziongezea nguvu, akakaza na kulegeza mpaka akaridhika.

Alipomaliza, Fabiola akasema bado. Wakati wa masika paa lilishushwa turubai likiwa bichi, na turubai likikunjwa bichi huoza. Naye alisema kweli. Akalifumua lote, akalianika, akalishona upya na kuipaka nta mishono yake.

Kufika hapo mvua zilikuwa zimerudi, na Gwandu akasema bado. Ukingo wa ziwa ulikuwa mkavu juu, chini uji. Hata yeye hakudanganya. Ulipokauka, gari lilikuwa limekaa mno hata breki zimeshika, na Tluway akaingia tena uvunguni.

Mama alishinda barazani, kibegi miguuni. Watoto walimtania kwamba haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akawajibu. "Mimi sikuomba gari zuri, wanangu. Niliomba kufika."

Hatimaye wakaondoka. Nisiwanyime haki yao, safari ile ilikuwa ya kupigiwa mfano. Kwenye mteremko wa mawe walikuta lori limekatika springi, limelala ubavu. Kobe akapita akinesa, na mama kule kitandani hakuzinduka.

Jioni ikawapiga mvua ya upepo. Wakainua paa, turubai likavimba na kutulia, Paskalina akanywa uji wake kwenye shuka kavu. Kesho yake, ukingoni mwa ziwa, Gwandu alipunguza upepo wa matairi, akavua viatu, akatangulia kwa miguu akichoma ardhi kwa fimbo, na gari likamfuata nyayo kwa nyayo mpaka ng'ambo.

Njiani waligombea mtamba kwa utani. Tluway alisema ameshachagua pa kujenga banda. Fabiola akasema banda ajenge, ng'ombe ni wa mwenye turubai. Gwandu akawaahidi kwamba yeye atakamua, wao watashika mkia. Mama yao alicheka, na alikuwa hajacheka tangu afunge kibegi.

Walipofika, Bura, mtoto wa Basilisa, alitoka kuwalaki taratibu mno. Fabiola ndiye aliyeuona kwanza ule udongo mpya nyuma ya boma, umefunikwa miiba ili fisi wasifukue.

Bura akamshika Paskalina mkono. "Mama mdogo, tulimzika Jumapili. Kila akisikia muungurumo alisema, hao, wamefika."

Paskalina aliketi kando ya kaburi. Alifungua kibegi, akatoa kitenge alichomletea dada yake, akakitandaza juu ya miiba. Uchungu ule siwezi kuwasimulia, na sitajaribu.

Jua lilipopoa, Bura akamleta mtamba. Katika ukoo ule, mnyama aliyeahidiwa na marehemu harudi zizini, hauzwi, hachinjwi, wala hagawanywi. Lazima mtu mmoja apokee kamba mbele ya kaburi.

"Mama alisema ni wa mtoto atakayemleta dada yake," Bura akasema. "Nani amemleta?"

Waliogombea mtamba njiani sasa walimkataa. Tluway alisema apewe Fabiola, kwa kuwa yeye mwenyewe Tluway ndiye aliyetamka bado ya kwanza, na springi za zamani labda zingefika, hatajua kamwe. Fabiola akasema apewe Gwandu, kwa kuwa yeye mwenyewe alifumua turubai zima ambapo kiraka kingetosha. Gwandu akasema, "Kulikuwa na njia ndefu ya kuzunguka ziwa. Niliijua. Sikuitaja kwa sababu ingemchosha Kobe."

Wakamgeukia mama yao awaamulie.

"Msiniulize mimi," akasema. "Nimefika bila kutikisika, bila kulowa, bila kupotea. Nilichokosa ni dada yangu."

Haya, wasikilizaji wangu. Bila Tluway wangelala kwenye mawe, bila Fabiola mama angelowa, bila Gwandu ziwa lingewameza. Na bila bado zao, Basilisa angemwona mdogo wake. Ukisema apewe mmoja, taja ni yupi na utamwambia nini. Ukisema asipewe yeyote, mtamba yule amefungwa kando ya kaburi na analia kwa kiu, na ahadi ni ya marehemu.

Bura amenyoosha mkono. Kamba ungempa nani wewe?