Vitumbua vya Ndovu na Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na majirani wasengenyaji kama sisi, Nguchiro alioa. Alioa kwa mdomo mtupu. Alimwambia mama mkwe wake kwamba ana shamba ambalo hindi lake moja linashibisha nyumba nzima.

Mama mkwe hakuwa wa juzi. Akasema, "Vyema, baba. Mavuno ya tatu nitakuja kuona. Nisipokuta ghala limejaa, naondoka na binti yangu Mashavu."

Sasa Nguchiro alikuwa mvivu, na shamba lake lilikuwa bondeni, kando ya bwawa walilochota maji wote. Udongo umechoka, mweupe kama unga wa muhogo. Juu mlimani walilima Ndovu na Nyati, na mahindi yao yalikuwa yakikusalimia ukipita.

Siri yao haikuwa siri. Desturi ya kule, kabla ya uji wa asubuhi, kila mtu alizoa mavi, majivu na makapi ya nyumbani kwake, akayarudisha shambani kwake. Ndiyo, mavi. Mkitaka semeni samadi, yananuka vilevile. Nyuma yao alipita Bi Dundu, mdudu mweusi mgongo unang'aa, akiviringisha madonge na kuyazika. Ardhi inakula, mahindi yanakula, Ndovu anakula, ardhi inakula tena.

Nguchiro akapanda mlima.

"Hodi kwa Ndovu!"

"Karibu, jirani. Keti."

Nguchiro akabana pua. "Mmh! Hapana, nitasimama tu."

"Kulikoni?"

"Naona haya kukwambia, kaka mkubwa."

"Niambie tu!"

"Wapita njia wanauliza: yule mwenye masikio kama majamvi, mbona anazunguka na kapu la mavi? Hana mtu wa kumwonya? Na aliyecheka wa kwanza ni Nyati."

Masikio ya Ndovu yakashuka, pwata! Mtu mzima, meno yote yale, akatazama chini.

"Basi niyatupe wapi?"

"Lete kwangu. Mimi mdogo, sina heshima ya kupotea. Lete na majivu, lete na mabua. Yafunike kwa jani la mgomba, uje jua la utosi, watu wamejipumzisha. Nitakusitiri."

"Jirani mwema wewe!" akasema Ndovu. Machozi yalimlenga, mpumbavu yule.

Nguchiro huyo, mbio kwa Nyati. Maneno yaleyale, ila aliyecheka wa kwanza sasa akawa Ndovu.

Kesho yake, jua la utosi, wakakutana njiani, kila mmoja na kapu lililofunikwa.

"Umebeba nini, Ndovu?"

"Vi... vitumbua. Na wewe?"

"Vitumbua."

Wakaachana, kila mmoja ameziba pumzi, akijifanya anakwenda kwingine.

Ikawa hivyo kila siku. Mavuno ya kwanza, mahindi ya Nguchiro yakawa kama mapaja. Ya mlimani yakawa kama vidole. Mavuno ya pili, mlimani yakatoka mabua matupu, na Ndovu akashuka kuomba chakula kwa Nguchiro. Ndovu! Akapewa kapu moja. Akala. Na alichokula kilipotoka, kilikwenda wapi? Kwa Nguchiro tena.

Bi Dundu akamfuata Ndovu mlangoni. "Baba, mwaka wa pili huu sijazika kwako hata donge moja. Wanangu wanalala njaa. Nimekukosea nini?"

Ndovu akafunga mlango taratibu.

Nguchiro hakushiba. Lundo la mavi likapanda mpaka likaegemea ukingo wa bwawa. Bi Dundu akamwonya, "Bwana, hili limezidi. Shamba moja haliwezi kula samadi ya mashamba matatu."

"Nenda zako, mweusi wewe! Unaona wivu."

Mvua za mavuno ya tatu zikaja. Chwaaa! Lundo likaporomoka, puu, ndani ya bwawa. Baada ya siku chache maji yakawa kijani, mazito kama mlenda. Kisha perege wakaelea, matumbo juu.

Siku hiyohiyo ndiyo aliyofika mama mkwe.

Ghala lilikuwa limejaa, hilo tumpe. Mama mkwe akalitazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akakaa. Mgeni huanza na maji. Mashavu akaleta kata, macho chini.

Mama mkwe akapiga funda. "Ptuu! Mkwe wangu, unaninywesha nini?"

"Ni... maji ya mboga, mama. Desturi ya huku."

Kabla hajamaliza, "Hodi!" mara mbili. Ndovu huku, Nyati kule, makapu vichwani.

"Mmebeba nini, wanangu?" akauliza mama mkwe.

"Vitumbua," wakasema kwa pamoja.

"Alhamdulillahi! Nimetoka mbali, njaa inaniuma. Leteni."

Nani atamnyima mgeni chakula? Ndovu akatazama juu. Nyati akajikuna pembe. Nguchiro akaanza kurudi kinyumenyume. Mama mkwe akanyanyua jani la mgomba.

Nzi wakaruka, zzz.

"Haya ni mavi," akasema mama mkwe. "Ni chakula cha shamba. Mbona mnayafunika kama mtoto wa haramu?"

"Nyati alinicheka," Ndovu akanong'ona.

"Mimi? Wewe ndiye uliyenicheka!"

"Nani kasema?"

Wote wakageuka. Nguchiro alikuwa amesimama ukingoni, hana pa kwenda, nyuma yake perege waliooza. Bi Dundu akasema taratibu, "Mlimani njaa, bondeni uvundo. Kitu ni kilekile, bwana. Umekitoa mahali pake tu."



Mama mkwe akamshika Mashavu mkono. "Ghala limejaa, lakini maji ya kupikia huna. Atarudi siku maji yatakapotakata hata nione chini ya bwawa hili."

Tangu siku hiyo Nguchiro alibeba madonge ya Ndovu na Nyati kuyarudisha mlimani, mchana kweupe, moja moja, kila donge kubwa kumshinda. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma. Mvua tatu zilipita, na bwawa bado halikuonyesha chini.

Mpaka leo utamwona nguchiro anasimama kwa miguu miwili, anachungulia njia, kisha anakimbilia shimoni. Anaangalia kama mama mkwe anakuja.

Na nyinyi mnaocheka, mabua ya shamba letu nani kayachoma juzi? Nguchiro aliyahamisha. Sisi tunayatia moto.

Ulichokula kwa ardhi, kirudishe kwa ardhi ileile, au utakinywa.