Wiki Moja ya Mafunzo ya Gofu

Mheshimiwa Wekhomba, mwenyekiti wa klabu ya gofu, alimwita ofisini mwalimu wa mchezo huo, Nekoye.

"Jaji Kirimania amenishinda miaka minne mfululizo," alifoka. "Jumamosi nisipobeba kombe, wewe fungasha virago."

Nekoye alijua fika kwamba hata miaka kumi haingemtosha mtu aliyezoea kucheza na wafanyakazi wake, wanaousogeza mpira wake kwa mguu kila unapopotelea vichakani.

"Utashinda, Mheshimiwa. Ila fimbo usiziguse mpaka Jumamosi."

"Huko ndiko kufundisha?"

"Ndiko hasa."

Wekhomba akakubali, maana kupumzika hakujawahi kumshinda.

Jumamosi Jaji alisimama mbele ya mpira kama mtu anayeomba dua. "Kiwiko ndani," alinong'ona. "Goti lilegee. Kidevu juu. Pumua. Kidole gumba je?" Alipopiga, mpira ulitumbukia bwawani, bata wakatawanyika. Mara ya pili alichimbua nyasi, mpira ukabaki pale pale ukimtazama. Wekhomba, aliyepiga ovyo kama kawaida yake, akabeba kombe.

Baadaye alimvuta Nekoye kando.

"Kombe nimelipata, lakini wewe hukunifundisha hata siku moja! Wiki nzima ulikuwa wapi?"

"Kwa Jaji, Mheshimiwa. Nilimfundisha bure, asubuhi na jioni. Mwanafunzi mzuri sana yule. Kila nilichomwambia alikishika."