Sidii Iliyotundikwa Bustanini

Isome hii mpaka mwisho, halafu mtumie yule ndugu yako anayejua kila kitu.

Mhina wa Korogwe alikuwa mtu wa namna hiyo. Pasi ikiharibika, yeye. Simu ikizima, yeye. Na ole wako umuulize kama ana uhakika, atanuna mpaka kesho.

Kaka yake, Hoza, alifariki akaacha gemu ya zamani ya mbio za magari, ya kwenye sidii. Wimbo wa gemu hiyo Hoza aliupiga mluzi kutwa, akioga, akipalilia. Dada yao mkubwa, Semeni, anayeishi Mbeya, hakuwahi maziko. Akapiga simu akilia.

"Mhina, mdogo wangu, kuzika nimekosa. Nikija, nisikilizishe basi ule wimbo wake. Sitaki kingine."

"Hilo dogo, dada. Wewe njoo."

Mashine ya kuchezea gemu ilikuwa imekufa zamani, lakini Mhina alikuwa na programu ya kompyuta inayoiigiza. Akaitia sidii kwenye kompyuta, akaifungua, akaona mafaili, akayanakili yote, hata moja halikubaki. Kazi imekwisha! Sidii yenyewe akaifunga uzi, akaitundika bustanini kwenye mchicha, ing'aeng'ae ifukuze ndege, kama majirani wanavyofanya.

Siku ya Semeni kufika, Mhina akawasha gemu. Magari yakanguruma, matairi yakalia, lakini wimbo hakuna. Akabadilisha spika, hakuna. Akaifuta programu akaiweka upya, kimya kilekile.

"Mama Tatu, umegusa nini hapa?" akamfokea mkewe.

"Mimi? Magari si yananguruma?"

"Yananguruma."

"Basi spika ni nzima. Wimbo ndio haumo."

"Utakosaje kuwemo? Nimenakili kila kitu!"

Mama Tatu akarudi zake jikoni. Mhina akabaki anakitazama kioo cha kompyuta.

Mara Semeni akaingia, hata mtandio hajavua. Mkononi ameshika sidii yenye alama ya rangi ya kucha, aliyoipaka Hoza mwenyewe.

"Mhina! Sidii ya marehemu inafukuza ndege?"

"Dada, hilo ni ganda tu. Vyote vilivyomo nimeshavitoa."

"Haya, niwekee wimbo."

Mhina akaichukua sidii, akaitia tena kwenye kompyuta. Ikazunguka, ikakoroma, ikakataliwa. Jua na vumbi vilikuwa vimeichubua. Aibu ikamshika, na hofu pia, maana hicho ndicho kitu pekee alichoombwa.

Semeni akafuta machozi. "Redio ya mama ipo? Ile ya sidii?"

"Dada, hii ni gemu! Redio itaichezaje?"

"Baba alipomkataza Hoza kuwasha tivii, wimbo alikuwa anausikilizia wapi?"

Mhina hakujua. Miaka hiyo yeye alikuwa shule ya bweni.

Redio ikaletwa. Wimbo wa kwanza ukatoa mkwaruzo mtupu. Mhina akafungua mdomo ajitetee, Semeni akamnyamazisha kwa mkono, akabonyeza uje wa pili.

Wimbo ukaanza.

Mama Tatu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Semeni akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Mhina akaitazama redio, akaitazama kompyuta, na ndipo polepole akaelewa. Nyimbo zilikuwa zimerekodiwa kando ya gemu, kama za sidii yoyote ya muziki. Kompyuta ilimwonyesha mafaili ya gemu peke yake, naye akadhani ndiyo yote.

Katikati, sidii ikafika palipochubuka ikaanza kurukaruka. Kipande kizima kikapotea. Semeni, macho yamelowa, akakijaza kwa mluzi, vilevile alivyokuwa akikipiga Hoza.

"Nisaidie basi," akamwambia mdogo wake.

Mhina akakunja midomo, akapuliza, akaacha. Hakukijua. Tangu arudi kutoka shule, kaka yake alikuwa akiupiga mluzi ule nyumba hiyohiyo, naye hakuwahi kumsikiliza.

Funzo: Usiseme umechukua vyote kwa sababu umechukua unavyoviona. Kabla hujakitupa kitu cha mtu, waulize kwanza waliompenda mwenyewe, ndani ya kitu hicho mna nini.