Mama wa Kalenda

Ndugu zangu, kuna jambo dogo lililonishinda tangu utotoni. Kwetu milimani, mwanamke akifika na mzigo wa kuni kichwani, aliye karibu huinuka akamtua. Hasubiri kuombwa. Huyu anashika upande huu, mwenye mzigo anashika ule, kuni zinashuka chini, basi. Na yule aliyetuliwa hasemi asante. Watu haohao ukiwapa kikombe cha maji watakushukuru mara tatu, na kesho wakikuona njiani watakushukuru tena. Lakini ukiwatua mzigo, kimya, na hakuna anayekasirika. Nilimuuliza mama yangu sababu, akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua hainyeshi kwenda juu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, nimeuliza wazee na wasomi. Sijapata jibu. Kaeni nalo fumbo hilo, mimi niwape mfano.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu. Usharika wake ulimpa kazi ya kuongoza mradi wa kuwasaidia maskini, na mradi huo uliitwa Tua Mzigo. Mwalimu huyu hakuwa mwizi. Alipanda vilima kwa goti bovu, akaujua mlango wa kila mjane na idadi ya watoto walio nyuma ya kila mlango. Msimchukie mapema mkaniharibia mfano wangu.

Miaka tisa iliyopita alimkuta mama mmoja ambaye paa lake lilikuwa limebomoka. Tumwite Mama Namkunda, kwa jina la binti yake. Mradi ukampa mbegu ya tangawizi na mbuzi wawili. Lakini kabla ya kumpa, wakampiga picha: pekupeku, sufuria tupu mkononi, na Namkunda wa miaka kumi na moja amejifunga kanga iliyotoboka, makamasi yanamtiririka. Picha ile iliwaliza watu. Mwaka ule wakaichapa kwenye kalenda ya mradi. Mwaka uliofuata wakaichapa tena. Na mwaka mwingine.

Mama yule alilima. Tangawizi ikakubali. Akajenga nyumba ya matofali, akaezeka bati, akaanza kuwagawia mbegu majirani. Ila ukutani, katika kila sebule ya usharika, alikuwa bado ameshika sufuria tupu. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walimtania: "Mpisheni Mama Kalenda, ana tarehe zake!" Naye alicheka pamoja nao. Mtacheka miaka mingapi, ninyi?

Namkunda alipofikisha miaka ishirini, akaja mchumba, kijana mwema. Siku ya posa, shangazi wa kijana akamwangalia binti, akamwangalia mama yake, akapiga makofi.

"Jamani! Si ndio hawa wa kalenda? Sisi tunao pale juu ya redio mwaka mzima! Mwanangu, na ile sufuria utakuja nayo?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakukusudia ubaya. Alikuwa mtu wa utani tu. Lakini wageni walipoondoka, Namkunda akamwambia mama yake, "Mama, sitaolewa katika nyumba ambayo nimetundikwa ukutani. Kila asubuhi nitakuwa nafagia chini ya njaa yangu mwenyewe. Mwambie mshenga nimekataa."

"Na mwenyewe unampenda?"

"Nampenda. Ndiyo maana sitaki anione hivyo kila siku."

Kesho yake mama akavaa viatu vyake vyeusi vya ibada, akaenda ofisini kwa mwalimu.

"Mwalimu, naomba ile picha ishuke."

"Ile? Mama Namkunda, ile picha imelisha watu wangapi! Ni baraka yako hiyo."

"Basi nipige nyingine. Nipige leo, nimesimama mbele ya nyumba yangu."

Mwalimu akacheka, akamwonyesha miguu yake. "Leo umenawiri, mama. Una viatu. Nani atalia kwa ajili ya mtu mwenye viatu?" Kisha akaona karatasi mezani, majina ya familia kumi na nne zinazosubiri msaada, na sauti yake ikabadilika. "Tena Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno, wageni wanakuja. Utatoa ushuhuda kama kila mwaka. Na samahani, mama yangu, siku hiyo uvae ile kanga ya zamani. Viatu viache nyumbani."

Ninyi mnaguna. Guneni. Lakini mtu yule alikuwa akiwaza familia kumi na nne. Hivi ndivyo dhambi hii inavyoingia, ndugu zangu: haibishi hodi kama uovu. Inaingia ikiwa na orodha ya wenye njaa mkononi.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, madhabahuni kuna ndizi, viazi, kuku wamefungwa miguu wakisubiri mnada. Wageni wameketi mbele. Mwalimu akaita, "Na sasa, mama yetu wa Tua Mzigo!"

Akaingia. Amevaa viatu vyeusi. Kichwani amebeba tenga la tangawizi, limejaa hadi shingo inatetemeka. Akasimama mbele, hakulishusha. Mwalimu alikuwa mtu wa kwao, alifanya ambalo mtu yeyote wa kwao angelifanya. Alinyoosha mikono amtue.

"Niache, mwalimu," mama akasema. "Ukinitua na hili, si mtanipiga picha?"

Madhabahuni kuku waliendelea kulia.

"Mlinitua njaa," akasema. "Ni kweli, na nimeshukuru. Nimesimama hapa mara nane nikashukuru. Lakini mlinitua njaa, mkanitwika asante. Njaa ilikuwa na mwisho. Asante yenu haina. Nimezeeka nikiwa nimeibeba, na sasa mmemtwika na mwanangu. Mimi nilitoka katika umaskini, mwalimu. Ninyi mtatoka lini katika umaskini wangu?"

Kisha akapiga magoti na kulishusha tenga mwenyewe, bila mkono wa mtu. Likainama. Tangawizi zikabiringika hadi kwenye viatu vya wageni.

Sasa niacheni niseme na sisi, maana nina hasira, na sitaki kuificha kwa maneno laini.

Sisi tuna picha ngapi? Mmeiona ile ya mfuko mmoja wa unga ulioshikwa na mikono sita, wote tunatabasamu, na mwisho kabisa kuna mjane anayetazama chini? Unga wa kilo kumi unahitaji watu sita kuubeba? Mimi nimo katika picha hiyo. Nimeshika kona ya mfuko. Nilijinyoosha ili nionekane.

Tunasoma majina ya wahitaji katika matangazo, kati ya ratiba ya kwaya na habari ya kikombe kilichopotea. Tunasema "maskini wetu". Wetu! Kama vile mtu anavyosema ng'ombe wetu. Na maskini wetu akinunua bati, tunanong'ona kwamba amejisahau. Amejisahau? Amejikumbuka! Sisi ndio tuliotaka ajisahau, abaki amesimama pekupeku ili tuendelee kujiona tuna viatu.

Mnaniambia, "Mchungaji, bila picha watu hawatatoa." Inawezekana. Basi tuseme hivyo waziwazi: tuseme mioyo yetu haifunguki mpaka kwanza mtu avuliwe nguo mbele yetu. Tuliseme hilo katika maombi, tuone kama midomo yetu itaweza. Mimi nimejaribu. Nilishindwa katikati ya sentensi.

Nani alimweka mtu awe mali ya aliyemsaidia? Anayekutua mzigo kisha akakufuata njiani akikumbusha ulivyokuwa mzito, huyo hajakutua. Ameondoa kuni tu, akapanda yeye kichwani pako mahali pake.

Mnataka kujua iliishaje. Jumatatu wazee wa kanisa waliketi. Mmoja akasema mwakani watafute picha ya mama mwingine. Mwingine akashauri wabandike karatasi juu ya uso. Mwalimu akasimama kwa goti lake bovu, akasema, "Hakuna mama mwingine. Kalenda zote zishuke, wiki hii, nyumba kwa nyumba." Baraza likakubali. Mtu akasema, basi watumwe wanakwaya.

"Hapana," mwalimu akasema. "Aliyetwika ndiye anayetua."

Akaanzia kwa wakwe. Shangazi akalalamika, "Mwalimu, mwaka haujaisha! Tutajuaje tarehe?"

"Mtauliza jirani," akasema, akapanda kwenye stuli, akaitoa juu ya redio. Pakabaki msumari na mraba mweupe ukutani. Namkunda alipopata habari alimtuma mama yake kwa mshenga, na mwezi wa kumi na mbili akaingia nyumba ile kama bibi harusi, chini ya msumari mtupu.

Siku nne mwalimu alizunguka vilima. Siku ya tano alishuka kwa Mama Namkunda, maana alikuwa bado hajafika kwake, akiwa na mzigo wa kalenda umefungwa kwa kamba, ameubeba kichwani kama kuni. Alipofika uani, goti likakataa. Akasimama pale, mzigo kichwani, hawezi kuuinamisha.

Mama alikuwa anaparua tangawizi. Aliinuka bila neno, akashika upande wake, mwalimu akashika wake, mzigo ukashuka chini.

Mwalimu akafungua mdomo. Kisha akaufunga.