Mlinzi wa Mzinga na Harufu ya Alizeti

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mzinga, na mzinga huo ulikuwa mgonjwa. Funza wa nondo waliingia kwenye masega. Wakitolewa leo, kesho wamo. Nyuki wakafukuza, wakafukuza, wakachoka. Funza wakabaki.

Mkuu wa walinzi wa mlango aliitwa Mashaka. Basi Mashaka akawaka. "Kwangu hapiti kitu," akasema. Vuuu! Likaanguka jani, akalichoma jani. Ukapita upepo, akauchoma upepo. Na walinzi wenzake vivyo hivyo, choma, choma, choma.

Siku moja, ndiyo kwanza alizeti zimechanua. Akarudi Tunu, mdogo wake Mashaka, miguu imejaa chavua.

"Harufu gani hiyo ngeni?" Mashaka akafoka.

"Ni mimi, dada. Nimewaletea watoto cha—"

Chwi! Mwiba ukamwingia ubavuni. Tunu akaanguka, chakula cha watoto kikamwagika.

Mashaka akamtazama. Akamtambua. Akalia jamani, akalia. Funza walikuwa wameharibu sega moja tu, na yeye alikuwa anaumaliza mzinga mzima.

"Walinzi wote tulale," akaamuru. "Tusichome tena."

Wakalala fofofo. Na hilo, wenzangu, likawa kosa la pili. Kesho yake wakaja siafu, paru paru paru, mlangoni, ndani, mpaka karibu na sega la watoto. Aliyewaona ni Tunu, ubavu umemvimba.

"Dada Mashaka, amka uchome!"

"Nikikosea tena je?"

"Nusa kwanza, ndipo uchome."

Mashaka akanusa. Siyo alizeti. Siyo Tunu. Siafu! Vuuu! Walinzi wakaamka wote, siafu wakatoka mbio, watoto wakapona.

Tangu siku hiyo walinzi hukaa kwa zamu. Hunusa, hunusa tena, ndipo huchoma. Na funza? Wamo hadi leo. Nyuki huwazibia kwa gundi, nao huendelea kutengeneza asali.

Ndiyo hivyo, watoto na wakubwa. Mwenye ugonjwa usioondoka, askari wa mwili wake wasichachamae, wala wasilale. Hasira hasara, na usingizi nao hasara.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Anayetaka kuingia, anuswe kwanza.