Ngao ya Nakijwa

"Ngao isiyogusa ardhi hualika mishale." Mmeisikia leo akirushiwa mwenyekiti wa vijana, mkacheka, kisha mkauliza ni ngao gani hiyo inayotambaa chini. Sogeeni basi. Methali hii ilizaliwa Mwanga, kwenye ukuta mmoja uliotenganisha nyumba ya Nakijwa na mashine ya kusaga ya Bwana Senkondo.

Nakijwa alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Kazi aliifanyia nyumbani, katika chumba cha nyuma alichokigeuza ofisi. Daktari wa mbali akizungumza na mgonjwa asiyesikia, Nakijwa alitokea kwenye skrini akiyageuza maneno kuwa mikono. Intaneti ilitoka kwenye kisanduku cha sebuleni ikapita kwa waya mrefu uliofuata ukuta ule ule ulioshika nyaya nene za mota ya mashine. Mota ikinyamaza, picha ilikuwa safi. Ikinguruma, picha iliganda, naye Nakijwa akabaki mikono hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Baba Mbonea, utanifukuzia wagonjwa!" alimlalamikia Bwana Senkondo, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Sasa dada, watu wale mahindi mabichi?"

Ndipo Nakijwa akamwita Fundi Mndeme, aliyemletea waya wenye ngao. Nyuzi za ndani zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya bati inayong'aa, na kando yake ulipita uzi mtupu wa shaba. Siku hiyo Nakijwa alikuwa na wagonjwa wanaomsubiri, akamharakisha fundi. Fundi akaukata ule uzi mtupu, akafunga vichwa vya plastiki, akaenda zake.

"Sasa saga upendavyo," Nakijwa alimtambia jirani. "Nimevaa ngao!"

Mashine ilipowashwa, picha iliganda kuliko zamani.

Wakati huo mdogo wake, Kiondo, alikuwa anaolewa Mbeya. Kiondo hakuwahi kusikia tangu utotoni, na aliyemtafsiria dunia tangu hapo ni dada yake. Nakijwa alikuwa ameteleza bafuni, mguu umefungwa plasta ngumu, hawezi safari. Wakakubaliana kwamba atatafsiri kiapo kutoka nyumbani, aonekane kwenye skrini kanisani. Wakafanya mazoezi. Walipofika penye swali la mchungaji, mashine ikanguruma, mikono ya Nakijwa ikaganda njiani. Ujumbe ukaingia kwenye simu: "Dada, unaniambia nikubali, nisubiri, au nikimbie?"

Nakijwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akagundua kwamba machozi hayakuwa ya kicheko tena.

Bwana Senkondo alipopita mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, alimkuta hivyo. Akausoma ule ujumbe.

"Siku ya harusi nitazima mashine," alisema.

"Jumamosi, Baba Mbonea? Na wale wanaoteremka mlimani na magunia kichwani, uwarudishe?"

"Harusi haiji mara mbili."

"Na njaa je? Hapana. Nimwite fundi kwanza."

Fundi Mndeme alikuja, akaufungua mwisho wa waya, akajishika kichwa. "Ngao yako inaning'inia, dada. Karatasi hii inadaka uchafu wa umeme unaotoka kwenye mota, na ule uzi nilioukata ndio wa kuuteremsha ardhini. Na nyumba hii nzima haina waya wa ardhi. Sasa uchafu ukidakwa hauna pa kwenda, unazirudia nyuzi za ndani."

Bwana Senkondo akapiga paja. "Kumbe ngao isiyogusa ardhi hualika mishale!"

"Niliyekuharakisha ni mimi," Nakijwa akasema.

"Na mimi nikakubali kuharakishwa," fundi akajibu. "Leo tusiharakishane."

Ikaletwa fimbo ndefu ya shaba ya kuzamishwa ardhini. Ardhi ya Mwanga ilikuwa kavu, ikaigomea. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakamwaga ndoo za maji, Bwana Senkondo akapiga nyundo, Nakijwa akihesabia mapigo kwa gongo lake la kutembelea. Fundi akaunganisha nyumba na fimbo ile, akavuta waya mwingine wenye ngao, mbali kidogo na nyaya za mota, na safari hii uzi mtupu akaufunga kwenye ardhi upande mmoja tu, kule sebuleni.

Jumamosi ikafika. Foleni ilikuwa ndefu, mashine ikinguruma mpaka vikombe vikacheza mezani. Bwana Senkondo alisimama nje ya dirisha la Nakijwa na wateja wake, haamini. Mchungaji akauliza. Mikono ya Nakijwa ikaenda, ikapinda, ikafika mwisho bila kukwama. Kiondo akamtazama dada yake, kisha mumewe, akajibu kwa mikono miwili kwa nguvu hata shela likamteleza.

Kanisani kote wakainua mikono na kuitikisa hewani, maana ndivyo wasiosikia wanavyoshangilia. Pale dirishani wateja nao wakainua yao, unga wa mikononi ukawamwagikia vichwani, na Nakijwa akaigeuza kamera ili Kiondo awaone wote.

Kuanzia hapo watu wa Mwanga wakimwona mtu amepata cheo, akajizungushia walinzi huku hali za watu wake hazijui, humkumbusha: ngao isiyogusa ardhi hualika mishale.