Kanga Katikati ya Darasa

"Pazia la mkwe halizuii sauti." Mmemsikia bibi yenu Sikudhani akisema hivyo asubuhi, mkacheka, na sasa mnanijia mimi kuuliza maana. Mmefanya vyema, kwa sababu yeye akianza kueleza hulia. Mimi ni ndugu yake, nitajikaza. Msemo huu aliuleta kutoka ugenini, na ulizaliwa hivi.

Wakati huo dada yangu alikuwa Lubumbashi, kule Kongo. Alipanga chumba kimoja akakifanya shule ya Kiingereza, maana watu wa kule wana Kifaransa na Kiswahili chao, lakini biashara na Zambia inataka Kiingereza. Mabenchi machache, ubao mmoja, na mwalimu mwenye sauti ya kunadi samaki. Ndiyo shule nzima.

Mwanafunzi wake hodari alikuwa dereva aitwaye Kazadi. Kampuni yake ilitaka kumpeleka Zambia awe msimamizi, ila kwanza ahojiwe kwa Kiingereza. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Mahojiano yalipokaribia, akajiandikisha muuza vitenge mmoja, Mama Ngalula. Tangu siku hiyo Kazadi akawa bubu. Alikaa mlangoni, uso kaugeuzia nje. Sikudhani, ambaye hakujaliwa subira, akamfuata uani.

"Kazadi, umenichoka?"

"Hapana, Mwalimu," akajibu ameinamisha kichwa. "Mule ndani kuko mama mukwe yangu."

Kwa desturi ya kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu Kazadi amwoe Mbuyi, binti wa Mama Ngalula, mkwe na mkwewe hawa hawakuwahi kusemeshana hata salamu.

Watu wakamshauri Sikudhani amfukuze mmoja. Amfukuze nani? Kijana riziki yake iko pale, na mama wa watu kaja kwa hamu zake. Basi akavua kanga aliyojitanda, akaitundika kwenye kamba katikati ya chumba. Mama Ngalula akakaa huku, Kazadi kule, na mwalimu akasimama mbele akiwaona wote.

Kazadi akafungua kinywa, kwa woga. Sikudhani akamwuliza kwa Kiingereza, kama atakavyoulizwa siku yenyewe, habari za familia yake. Kijana akakwama. Hapo sauti ikatoka ng'ambo ya kanga, kwa Kiingereza cha kuchechemea:

"Binti yangu hajambo?"

Darasa zima likaigeukia kanga.

"Hajambo, mama," Kazadi akajibu kwa Kiingereza hichohicho. "Anacheka sana. Nyumba yangu ni nzuri kwa sababu yake."

"Asante, mwanangu. Unamtunza vizuri."

Kazadi akalia waziwazi. Baada ya hapo maneno yakamtiririka, na siku ya mahojiano akafaulu.

Darasa lilipotawanyika, Sikudhani alimshika Mama Ngalula mkono. "Mama, mbona umevunja mwiko?"

"Sikuuvunja, Mwalimu. Kwa Kiluba, lugha yetu, siwezi kumusemesha. Lakini kwa Kiingereza hakuna mukubwa aliyenikataza." Akajifunga kitenge chake vizuri. "Wewe ulifikiri nilikuja hapa kwa ajili ya biashara? Miaka yote nilitafuta njia ya kumushukuru huyu mutoto."

Ndiyo maana bibi yenu hulia. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mwenye upendo mwacheni na heshima yake, njia ataipata. Pazia la mkwe halizuii sauti.